Priampu ya Kujitengenezea: Nini Husikika na Nini Hudhaniwa Kusikika

Mtu anayetaka kujitengenezea priampu, yaani kikuza sauti cha awali kinachokaa kati ya chanzo cha muziki na amplifaya kubwa inayosukuma spika, hupokea ushauri unaogombana. Mmoja humwambia kwamba aisi, yaani saketi nzima iliyofungwa ndani ya kipande kimoja, zinaua muziki, hivyo atumie transista zilizofungwa moja moja. Mwingine humwambia priampu yenyewe haihitajiki tena. Poti ya voliumu ndani ya kisanduku inatosha. Wa tatu hushikilia kwamba saketi zote zilizosanifiwa vizuri husikika sawa, na anayedai kusikia tofauti anajidanganya. Kila kauli kati ya hizi ina mafundi wenye ujuzi wa kweli nyuma yake, na kila moja ina sehemu yake ya ukweli. Mjenzi wa mara ya kwanza hana namna ya kuzipambanua. Matokeo yake hununua vipuri vya ghali pale pasipo na tatizo, na mngurumo wa umeme unaendelea kuvuma ndani ya spika zake.

Mkanganyiko huu una mizizi miwili. Kwanza, kazi ya priampu imebadilika sana tangu miaka ya 1980, lakini hoja nyingi zinazorudiwa leo zilitungwa kwa ajili ya kazi ya zamani. Pili, namna ambavyo watu wengi huisikiliza priampu mpya ili kuihukumu haina uwezo wa kumpata mshindi, hata kama mshindi yupo.

Kazi iliyobadilika

Priampu ilizaliwa kwa lazima. Kichwa cha sindano ya santuri cha aina ya sumaku hutoa milivolti 3 hadi 5 tu. Ishara hiyo ndogo huja ikiwa besi yake imepunguzwa na sauti zake kali zimeongezwa kwa makusudi wakati santuri ilipokuwa ikikatwa. Kanuni ya RIAA, iliyoenea kuanzia katikati ya miaka ya 1950, inautaka mtambo wa kuchezea urudishe usawa: sauti ya hezi 20 iinuliwe karibu mara 10 kulinganisha na ile ya hezi 1,000, na ya hezi 20,000 ishushwe karibu mara 10. Juu ya hayo, ishara nzima ikuzwe mara 100 hivi. Redio na tepu nazo zilitoa volti zisizolingana, na vyumba na spika za wakati ule zilihitaji marekebisho ya besi na sauti kali. Saketi ya marekebisho hayo inayotumika hadi leo katika amplifaya nyingi ilichapishwa na Mwingereza Peter Baxandall katika jarida la Wireless World mwaka 1952.

Yote hayo yalifanywa kwanza kwa vali. Transista ilivumbuliwa katika maabara za Bell nchini Marekani mwishoni mwa 1947, lakini zile za awali za jerimani zilikuwa na kelele na hazikustahimili joto. Transista za silikoni ndizo zilizofungua njia. Kampuni ya Quad ya Huntingdon, Uingereza, ilitoa priampu yake ya transista, Quad 33, mwaka 1967 ili kuchukua nafasi ya Quad 22 ya vali, na kuanzia hapo mjadala wa vali na transista haujapoa.

Kisha ikaja diski ya CD mwaka 1982. Mashine zake za nyumbani hutoa volti 2 pale muziki unapofika kilele, na vifaa vingi vya kubadili sauti ya kidijitali vilivyofuata vimeshika kiwango hichohicho. Amplifaya nyingi za nguvu hufikia mwisho wa uwezo wake zikipewa volti 1 hadi 2. Maana yake, katika mfumo wa leo priampu hutumia muda wake mwingi ikipunguza ishara. Kuikuza ni kazi ya nadra. Chanzo dhaifu, kama simu iliyochomekwa kupitia tundu la vipokea sauti, bado kinaweza kuhitaji kukuzwa mara 2 au 3, na santuri inahitaji mara nyingi zaidi. Lakini anayesikiliza kutoka kwenye chanzo cha volti 2 na akajenga priampu inayokuza mara 10 atajikuta akitumia robo ya kwanza tu ya mzunguko wa voliumu, sehemu ambayo poti nyingi hufanya kazi vibaya kuliko kwingine kote.

Kwa hiyo swali linalotangulia mengine yote ni hili: priampu hii italishwa na nini, na itailisha amplifaya gani? Jibu lake huamua mambo mengi kuliko jina la transista.

Wanaosema isikuzwe kabisa

Kambi hii inaanza na hesabu iliyoelezwa hapo juu. Kama ishara inatosha, kwa nini ipitishwe kwenye saketi yoyote? Kisanduku chenye poti, tundu za kuingizia na za kutolea, na swichi ya kuchagua chanzo hakina umeme, hakingurumi, na hakiongezi upotoshaji wowote wa maana. Ni vigumu kupata mradi rahisi zaidi kwa anayejifunza kulehemu.

Udhaifu wake umejificha kwenye ukinzani. Poti ya kilo-omu 100 ikiwa imeshusha ishara hadi nusu huonekana na waya unaofuata kama chanzo chenye ukinzani wa kilo-omu 25. Waya wa kawaida wa ishara una takriban pikofaradi 100 kwa kila mita. Ukiwa na urefu wa mita 3, ukinzani huo pamoja na pikofaradi 300 huanza kukata sauti kali: zikifika hezi 21,000 zimekwisha kushuka desibeli 3, na mteremko huo huanza chini zaidi, ndani ya eneo ambalo kijana mwenye masikio mazuri bado analisikia. Hapa ndipo linapotoka lalamiko kwamba kisanduku cha poti tupu "hakina uhai". Lalamiko hilo lina msingi, na tiba yake ni ya hesabu vilevile. Poti ya kilo-omu 10 hushusha ukinzani huo hadi kilo-omu 2.5, na kwa waya uleule mkato unasogea hadi zaidi ya hezi 200,000, mbali kabisa na masikio. Kinachobaki ni kwamba chanzo lazima kimudu kuisukuma poti ya kilo-omu 10, na amplifaya isiwe na ukinzani mdogo wa kuingilia.

Mmarekani Nelson Pass, msanifu ambaye ametoa saketi zake nyingi kwa wajenzi wa nyumbani, aliichukulia hoja hii kwa uzito. Mwaka 2008 alichapisha B1, saketi isiyokuza hata kidogo. Ina transista 2 za aina ya JFET kwa kila chaneli, na kazi yake ni kusimama kama bafa: inapokea ishara bila kuibebesha mzigo poti, kisha inaisukuma kwenye waya kwa ukinzani mdogo. Kwa hali hiyo urefu wa waya haujalishi tena. B1 ilipendwa sana na wajenzi, na ilistahili. Kikwazo chake kimekuja kutoka sokoni. Saketi ilisanifiwa kwa transista ya Toshiba 2SK170, ambayo kiwanda kiliacha kuitengeneza, na pengo hilo limejazwa na bandia nyingi zilizopigwa chapa ileile. Zipo mbadala halali, ila anayenunua kwa bei ya kushangaza kwa udogo wake ajue anachokinunua.

Transista moja moja

Wanaopenda transista zilizofungwa moja moja wana hoja tatu, na si zote zina uzito sawa.

Ya kwanza ni ya elimu, nayo haipingiki. Anayejenga hatua ya kukuza kwa transista yake, rezista zake na kapasita zake anaona mkondo unapita wapi. Anapima volti kwenye kila mguu, anabadilisha rezista moja na kuona matokeo. Aisi haimpi nafasi hiyo. Yote yamefungiwa ndani ya plastiki nyeusi. Mwingereza John Linsley Hood, kupitia makala zake za Wireless World mwishoni mwa miaka ya 1960, aliwafundisha wajenzi wengi kwa njia hiyo, na saketi yake ya amplifaya ya 1969 ya daraja A (ambamo transista hupitisha mkondo muda wote), yenye transista 4 tu kwa chaneli, bado inajengwa.

Ya pili ni ya uhuru. Msanifu anaweza kutumia volti kubwa kuliko aisi inavyoruhusu, kuendesha transista katika daraja A kwa mkondo mkubwa, na kuchagua kiasi cha mrejesho hasi anachokitaka. Mrejesho hasi, mbinu ya kurudisha sehemu ya ishara iliyotoka ili isahihishe makosa, ulibuniwa na Harold Black wa maabara za Bell mwaka 1927, na ndio unaofanya vikuza sauti vya kisasa viwe na upotoshaji mdogo. Baadhi ya wasanifu wanapenda kuutumia kidogo au kuuacha. Pass mwenyewe alitoa priampu ya Bride of Zen, yenye transista moja tu ya aina ya MOSFET inayokuza kwa kila chaneli.

Ya tatu ndiyo inayozua ugomvi: kwamba saketi hizi husikika vizuri zaidi. Hatua yenye transista moja na mrejesho mdogo hupotosha sauti kwa kiasi kinachopimika, na sehemu kubwa ya upotoshaji huo ni wa mara mbili, yaani sauti ya hezi 1,000 inazaa nyingine ndogo ya hezi 2,000. Hiyo ni oktava, nayo inapatana na sauti iliyoizaa. Msikilizaji anaweza kuipokea kama unene au joto la sauti, na hakuna ubaya mtu kuipenda. Tatizo hutokea pale ladha hiyo inapouzwa kama usafi. Kifaa kinachoongeza kitu kwenye kila wimbo si kisafi kuliko kisichoongeza, hata kama nyongeza yenyewe ni tamu.

Kuna gharama nyingine ambazo wapenzi wa njia hii huzitaja kwa nadra. Transista zinatakiwa kulinganishwa ili chaneli ya kushoto na ya kulia zifanane. Saketi rahisi inayotumia umeme wa upande mmoja huhitaji kapasita kwenye njia ya kutokea, na kapasita hiyo ikichajiwa wakati wa kuwasha hupiga kishindo kwenye spika. Zaidi ya yote, saketi yenye mrejesho mdogo haina uwezo mkubwa wa kukataa uchafu wa umeme inaopewa. Mngurumo wowote ulio kwenye ugavi wa umeme hupita hadi kwenye muziki, hivyo ugavi wenyewe unapaswa kuwa mzuri maradufu.

Aisi na jina baya la 741

Chuki dhidi ya aisi ilikuwa na sababu. Aisi ya μA741, iliyosanifiwa na Dave Fullagar wa Fairchild mwaka 1968, ilienea kila mahali, pamoja na mahali isipofaa. Kasi yake ya kubadilisha volti ni nusu volti kwa mikrosekunde. Ikitakiwa kutoa wimbi lenye kilele cha volti 10, inashindwa kufuata kuanzia hezi 8,000 hivi, na wimbi linageuka pembetatu. Mwaka 1970 Matti Otala wa Finland alichapisha utafiti ulioonyesha jinsi amplifaya yenye mrejesho mwingi lakini kasi ndogo inavyoweza kupotosha sauti zinazopanda ghafla, hata kama vipimo vya kawaida vya wakati ule vilionekana vizuri. Watu wengi walitoka hapo na somo lisilo sahihi, kwamba mrejesho ni mbaya. Wahandisi waliofuata walionyesha kwamba dawa ni kasi: saketi ikiwa na kasi ya kutosha, tatizo hilo haliwi na nafasi ya kutokea.

Na kasi ilikuja. TL072 ya Texas Instruments ilifikia volti 13 kwa mikrosekunde. NE5532 ya Signetics, iliyotoka mwishoni mwa miaka ya 1970, ina volti 9 kwa mikrosekunde, kelele yake ni ndogo sana, na inaweza kusukuma mzigo wa omu 600. Kuanzia miaka ya 1980 meza za kuchanganyia sauti studioni zilijaa aisi za familia hiyo. Sauti ya mwimbaji ilipita kwenye nyingi kati ya hizo, moja baada ya nyingine, kabla ya kufika kwenye santuri au diski. Anayesema kwamba aisi moja ya aina hiyohiyo nyumbani kwake inaua muziki ana wajibu wa kueleza muziki huo ulinusurikaje studioni.

Safari ya Mwingereza Douglas Self, ambaye amewahi kusanifu meza za aina hiyo kiwandani, inaonyesha mabadiliko haya vizuri kuliko maelezo mengi. Priampu aliyoichapisha katika Wireless World mwaka 1976 ilitegemea transista, kwa kuwa aisi za wakati huo hazikumridhisha. Alipochapisha nyingine mwaka 1983 aliegemea familia ya 5534 na 5532, na ameendelea kuitetea hadi katika vitabu vyake vya karne hii.

Hata hivyo aisi haziwi nzuri kwa kuwekwa tu kwenye soketi. NE5532 huvuta mkondo mdogo kwenye mguu wake wa kuingilia, takriban nanoampea 200. Mkondo huo ukipita kwenye poti huzalisha volti ndogo isiyobadilika, na poti inapozungushwa spika zinakwaruza. Kapasita moja kati ya poti na aisi inamaliza jambo hilo. TL072 haina tatizo hilo kwa sababu mlango wake ni wa JFET, lakini kelele yake ni zaidi ya mara 3 ya 5532. Katika priampu ya chanzo cha volti 2 tofauti hiyo haifiki masikioni. Katika hatua ya santuri inafika.

Desturi ya kuchomoa aisi moja na kuchomeka nyingine ya bei ghali "ili kusikia tofauti" inahitaji tahadhari kubwa. Aisi za kisasa zenye kasi kubwa, zikiwekwa kwenye bodi iliyochorwa kwa ajili ya aisi za polepole na bila kapasita za nanofaradi 100 karibu na miguu ya umeme, huanza kutetemeka zenyewe kwa masafa ya juu yasiyosikika. Kinachosikika ni athari zake: ukali, uchovu, wakati mwingine joto lisiloelezeka. Mjenzi hufikiri amesikia tabia ya aisi, kumbe amesikia saketi iliyoharibika. Bila osiloskopu hatajua.

Ubora unakopotelea

Hapa ndipo pesa na muda vinapolipa, na ndipo vinapoelekezwa kidogo kuliko kwingine kote.

Adui wa kwanza wa priampu ya kujitengenezea ni mngurumo. Umeme wa Afrika Mashariki ni wa hezi 50, na baada ya kupita kwenye dayodi za kugeuza mkondo, uchafu wake mkubwa huwa hezi 100. Ukisikika mngurumo mzito wa hezi 50, mara nyingi chanzo ni sumaku ya transfoma iliyo karibu mno na waya za ishara, au kitanzi cha athi: vifaa viwili vilivyounganishwa kwa njia mbili za athi, na mkondo ukazunguka kati yake. Ukisikika mlio wa hezi 100 wenye ukali wa nyuki, mara nyingi waya wa athi wa ishara umetumika pia kupitisha mikupuo ya kuchaji kapasita za ugavi. Tiba ya kwanza ni umbali na pembe ya transfoma; ya pili ni mpango wa waya, ambapo athi za ishara na za ugavi hukutana sehemu moja tu. Hakuna transista ya bei yoyote inayoondoa kosa la athi.

Kuna tiba moja inayouzwa mitaani ambayo lazima ikataliwe waziwazi: kukata waya wa athi wa plagi ili mngurumo uishe. Ni kweli mara nyingi unaisha. Lakini siku transfoma itakapovuja, sanduku la chuma litabeba volti 230 za Tanzania au 240 za Kenya, na atakayeligusa atakuwa ndiye njia ya umeme kwenda ardhini. Kwa anayeanza, njia salama ni kuacha umeme mkubwa nje ya sanduku kabisa kwa kutumia adapta iliyofungwa kiwandani inayotoa volti 15 au zaidi kidogo za mkondo geu. Dayodi, kapasita na virekebishi vya volti ndivyo vikae ndani. Faida ya pili huja yenyewe, kwa sababu transfoma imekwisha kuwa mbali na ishara.

Adui wa pili ni poti. Poti za bei nafuu za stirio hazifuatani vizuri mwanzoni mwa mzunguko: voliumu ikiwa ndogo, upande mmoja unazidi mwingine kwa desibeli kadhaa, na mwimbaji aliyepaswa kusimama katikati anahamia kushoto. Hili linasikika na kila mtu, halihitaji sikio la dhahabu. Poti bora hulipunguza, na swichi ya rezista zilizolinganishwa hulimaliza. Lakini mbinu ya bei ndogo zaidi ni kupunguza ukuzaji ili poti itumike katikati ya mzunguko wake.

Mengine ni madogo lakini hufanya kazi. Kapasita ya kupitisha ishara isiwe ndogo mno: mikrofaradi 1 ikilisha kilo-omu 10 inaanza kukata besi kwenye hezi 16, na mikrofaradi 10 inalisogeza tatizo hadi hezi 1.6. Rezista ya omu 47 hadi 100 kwenye mlango wa kutokea huizuia saketi isitetemeshwe na waya mrefu. Rilei inayofunga mlango huo kwa sekunde chache wakati wa kuwasha huziokoa spika na kishindo.

Sikio likiwa hakimu

Saketi ikishafanya kazi, huja usikilizaji, na hapo ndipo ugomvi hupamba moto. Mjenzi ana hamu kazi ya mikono yake iwe nzuri. Hamu hiyo ni ya halali, ila inamfanya kuwa shahidi asiyeweza kutegemewa juu ya kifaa chake mwenyewe.

Kosa kubwa zaidi ni voliumu. Sauti iliyo juu kwa nusu desibeli haitambuliwi kama kubwa zaidi. Hutambuliwa kama wazi zaidi, yenye besi zaidi, yenye uhai. Priampu mbili zisizolinganishwa kwa mita hazijashindanishwa bado. Kulinganisha kunahitaji sauti moja isiyobadilika, ya hezi 200 kwa mfano, na mita ya kawaida kwenye waya za spika. Masafa hayo ya chini yanafaa kwa kuwa mita nyingi za bei nafuu hukosea masafa yakipanda. Lengo ni tofauti isiyozidi desibeli 0.1, yaani asilimia 1 hivi ya volti.

Kosa la pili ni kujua kinachocheza. Mwaka 1982 David Clark alieleza katika jarida la chama cha wahandisi wa sauti kifaa kilichoitwa ABX: msikilizaji anasikia A, anasikia B, kisha X ambayo ni mojawapo, na lazima aseme ni ipi bila kuona. Mwaka 1987 jarida la Marekani la Stereo Review lilitumia njia hiyo kwa amplifaya za nguvu, kuanzia ile iliyomo ndani ya redio ya Pioneer ya dola 220 hadi jozi ya amplifaya za vali za Futterman ya dola 12,000. Wasikilizaji hawakuweza kuzitofautisha kwa namna ya kuaminika.

Wapinzani wa matokeo hayo wana hoja za kusikilizwa. Wanasema kukaa kwenye mtihani kunachosha, vipande vya muziki huwa vifupi, na kuna tofauti zinazojitokeza baada ya siku nyingi za kuishi na kifaa. Hoja hizo zinafanya mtihani mmoja usitoshe kufunga mjadala. Hazigeuzi usikilizaji wa macho wazi kuwa ushahidi, kwani usikilizaji huo una kasoro kubwa zaidi na hauna kinga yoyote dhidi yake. Isitoshe, hakuna kinachomzuia mtu kufanya jaribio la kufichwa kwa wiki nzima akiwa nyumbani kwake, mradi mtu mwingine ndiye aliyechagua kifaa na kukifunika.

Tukio la 1985 linasaidia kuona kilicho kati ya pande hizo. Msanifu wa amplifaya Bob Carver aliliambia jarida la Stereophile kwamba angeweza kuifanya amplifaya yake ya transista isikike kama ya vali ya bei kubwa ambayo wahariri wangeichagua. Alipima tofauti kati ya ishara za vifaa hivyo viwili, akarekebisha chake hadi tofauti ikawa ndogo mno, na wahariri waliokuwa na mashaka hawakuweza tena kuvitenganisha. Tukio hilo linazikosesha pande zote mbili sehemu ya madai yao. Amplifaya zilikuwa na tofauti kweli kabla ya marekebisho, hivyo si zote zinafanana. Na tofauti hiyo ilipimika na kunakiliwa, hivyo haikutoka kwenye kitu kisichofikiwa na vipimo.

Kwa mjenzi wa nyumbani jaribio la maana halina gharama kubwa: mtu wa pili, sarafu ya kuamulia, na swichi au pazia. Majaribio 16 yakifanyika na majibu 12 yakawa sahihi, uwezekano wa kuyapata kwa kubahatisha ni chini ya asilimia 4, na hapo kuna jambo la kufuatilia. Majibu 7 kati ya 10 hayatoshi, ingawa huonekana mengi: kubahatisha kunaweza kuyaleta, au kuyazidi, kwa asilimia 17 hivi. Kabla ya yote hayo, kompyuta yenye kadi nzuri ya sauti na programu ya bure ya Room EQ Wizard inaweza kupima kelele, mngurumo na upotoshaji kwa kiwango ambacho miaka ya 1970 kilihitaji vifaa vya maabara. Kipimo kikionyesha mlima kwenye hezi 100, kazi ya kufanya inajulikana, na hakuna haja ya kubishana kuhusu aina ya transista.

Uzito uko wapi

Kwa priampu ya chanzo cha kawaida, ugomvi wa aisi na transista umekwisha kwa upande wa usafi. NE5532 iliyozungushiwa saketi sahihi ina kelele na upotoshaji ulio chini ya uwezo wa sikio, na kwa bei ni miongoni mwa vipuri rahisi kabisa ndani ya sanduku. Kinachogharimu ni transfoma, poti, sanduku na tundu. Mafundi wa Kariakoo jijini Dar es Salaam na wa Luthuli Avenue jijini Nairobi wanazifahamu bodi ndogo za besi na sauti kali zenye aisi ya 4558. Bodi hizo hufanya kazi, lakini 4558 ni ya kizazi cha polepole, na 5532 ina mpangilio uleule wa miguu. Mabadilishano hayo yana mantiki ya kihandisi, mradi kapasita za nanofaradi 100 ziwepo na aisi isiwe bandia.

Transista moja moja zibaki kwa anayetaka kujifunza elektroniki kutoka chini, au anayependa ladha ya saketi rahisi na yuko tayari kuiita ladha. Hizo ni sababu nzuri, na saketi za Pass na Linsley Hood zinazitosheleza. Poti tupu inamfaa mwenye waya mfupi, chanzo chenye nguvu na amplifaya moja tu. Mwenye santuri hana njia ya mkato: anahitaji hatua ya RIAA yenye kelele ndogo, na ndipo mahali pekee ambapo uchaguzi wa aisi au transista ya kwanza unastahili kuumiziwa kichwa.

Anayeanza leo, mwenye chanzo cha volti 2 na anayetaka sauti safi, ajenge priampu ya 5532 isiyokuza zaidi ya mara 3, yenye poti ya kilo-omu 10 iliyo bora kadiri mfuko unavyoruhusu, umeme wa adapta ya nje, na athi zinazokutana mahali pamoja. Aipime, ailinganishe kwa mita, aisikilize bila kujua ni ipi inayocheza. Pesa itakayobaki aipeleke kwenye spika na namna zinavyopangwa chumbani: upotoshaji wa spika ya kawaida kwenye besi hufika asilimia 1 na kuzidi, wakati ule wa 5532 ni sehemu ndogo mno ya asilimia hiyo moja.